Nafsi ya Pili Bondeni

Kama kuna shairi ambalo Mkristo wa Tanzania hulijua kwa moyo hata kama hakubahatika kukaa darasani, ni Zaburi ya 23. Imechapwa kwenye kalenda za ukutani, imedariziwa kwenye vitambaa vya makochi, imeandikwa nyuma ya mabasi. Husomwa wodini kabla ya mgonjwa kupelekwa kwenye upasuaji, na husomwa makaburini kabla ya udongo kurudishwa. Sisi walimu wa zamani tuliwapa watoto waikariri mapema kwa kuwa ni fupi. Ina mistari sita tu.

Lakini jambo lililozoeleka sana huacha kuangaliwa. Mtu huanza kulisema kabla ya kulisikia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuomba tuisome Zaburi hii kama nilivyokuwa nikiwaelekeza vijana wasome shairi lolote: kwanza maneno yenyewe, viambishi vyake na mpangilio wake, kisha ndipo tuulize linasema nini. Nitatumia tafsiri ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952. Kabla yake palikuwapo Biblia ya Kiunguja ya mwaka 1891 na ya Kimvita ya mwaka 1914, nayo ikakusudiwa iwaunganishe wasomaji wa pande zote mbili. Kiswahili chake ndicho kilichotulea wengi wa rika langu.

Silifanyi hili kwa sababu ya kupenda sarufi tu. Siku hizi Zaburi ya 23 husomwa na wengi kama hati ya bima: ukiwa na Mungu hutakosa kitu, wala baya halitakufikia. Anayesoma hivyo, baya linapofika, hubakiwa na mahitimisho mawili. Ama Mungu si mwaminifu, ama yeye mwenyewe hakuwa na imani ya kutosha. Nikiwa mzee wa kanisa nimekaa kwenye misiba mingi, na nimewasikia wajane wakijihukumu kwa hitimisho hilo la pili. Kumtwisha mzigo huo mtu aliyekwisha kufiwa ni ukatili, hata kama umefungwa kwa maneno ya Biblia. Dai langu ni kwamba mzigo huo hautoki katika Zaburi. Unatoka katika usomaji mbaya.

Tuanze mwanzo. Neno la kwanza la kuangaliwa ni dogo: ndiye. Watafsiri wangeweza kusema kwamba Bwana "ni" mchungaji, na sentensi ingekamilika. Lakini wakachagua ndiye. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua tofauti yake. Ukisema "Juma ni fundi," umetaja kazi yake. Ukisema "Juma ndiye fundi," umewaondoa wengine wote. Mshairi anaanza kwa kuchagua mmoja kati ya wachungaji wengi ambao wangeweza kumchunga: mali, ukoo, cheo, silaha. Baada ya kuchagua ndipo anaposema kwamba hatapungukiwa. Kwa hiyo kutopungukiwa kwake kunasimama juu ya nani anamchunga. Hakusimami juu ya vitu vilivyomo ghalani.

Mistari inayofuata inaeleza malisho, maji na njia. Hapo vitenzi vinabeba kiambishi hu-. Tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba hu- ni hali ya mazoea. Ndicho kiambishi cha methali: haba na haba hujaza kibaba. Hakionyeshi mtenda ni nani wala tendo lilitendeka lini. Husema tu kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Ni lugha ya mtu aliyetulia, anayemweleza mwenzake habari za mchungaji wake kwa mbali kidogo. Kisarufi, Mungu hapo yuko katika nafsi ya tatu. Anazungumziwa.

Halafu linakuja bonde, na sarufi inabadilika ghafla. Hu- inatoweka. Mahali pake panakuja kiambishi -japo-, ambacho leo tunakisikia zaidi katika neno "ijapokuwa". Kiambishi hiki hakimaanishi kwamba jambo haliwezi kutokea. Maana yake ni kwamba litokee au lisitokee, neno langu liko palepale. Mshairi haombi kuzungushwa nje ya bonde. Anajiona akipita katikati yake. Na hapo hapo, kwenye giza, anaacha kumzungumzia Mungu na kuanza kuzungumza naye. Yule aliyekuwa "yeye" anakuwa "wewe".

Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alichukue hata kama atayasahau mengine yote. Kiswahili kina neno moja, nafsi, kwa mambo mawili: nafsi ya mtu, ile ambayo Zaburi yenyewe inasema huhuishwa, na nafsi za sarufi, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika shairi hili mambo hayo mawili yanakutana. Kwenye majani mabichi Mungu ni nafsi ya tatu. Bondeni ni nafsi ya pili. Ukaribu haukupatikana mahali penye raha. Ulipatikana mahali penye hofu. Mtu anayedai kwamba imani ya kweli haipiti bondeni amekata shairi katikati, na kipande alichokitupa ndicho pekee ambamo mshairi anamsemesha Mungu uso kwa uso.

Nilikulia Ugogo, na kabla ya kuwa mwalimu nilichunga mbuzi na ng'ombe. Mtu wa huko hapati taabu kuielewa Zaburi hii, maana nchi ya Yuda nayo ina milima na ukame. Kiangazi, majani hayawi mazulia. Ni vishungi hapa na pale, na mnyama hula cha leo. Maji nayo hayaonekani. Mchungaji huteremsha mifugo hadi kwenye korongo kavu, akachimba kwenye mchanga mpaka maji yanapojitokeza. Ng'ombe hajui maji yalipo. Anachojua ni sauti ya anayemwongoza. Na korongo ndiyo mahali pa hatari, kwa vile kingo zake hujificha fisi na chui. Kwa hiyo kupita huko hakumaanishi kwamba mchungaji amepotea. Njia ya kwenda majini ndiyo inayopita huko.

Ndiyo sababu ana gongo na fimbo. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka walipofika kwenye neno gongo, kwa kuwa mitaani gongo ni ile pombe haramu. Nilikuwa nikiwaacha wacheke, kisha nawauliza: mchungaji hubeba rungu la nini? Mtoto wa mfugaji hujibu mara moja: la fisi. Na fimbo? Ya kuongozea. Basi, kama hakuna fisi, rungu la nini? Shairi linalotaja gongo limekwisha kukiri kwamba kuna wanyama wakali. Faraja ya mshairi ni kuiona silaha hiyo mkononi mwa anayemchunga.

Kutoka hapo taswira inabadilika. Mchungaji anakuwa mwenyeji, na kondoo anakuwa mgeni mezani. Hapa ndipo penye chakula cha Zaburi, na mahali chakula kinapoandaliwa panashangaza: mbele ya watesi. Hawakufukuzwa kwanza. Wamesimama wanatazama. Mtu akialikwa kula huku adui zake wako mlangoni, ama hataweza kumeza, ama atakula kwa kumwamini mwenye nyumba. Lishe ya kiroho inayosemwa humu ni ya namna hiyo ya pili. Mgeni anakula kabla shida haijaondoka.

Mezani kuna mafuta pia. Ni heshima ambayo mwenyeji humpa mgeni wake, akimpaka kichwani. Hakuna mahali katika shairi ambapo mafuta hayo yanauzwa, yanagombewa au yanatenda kazi yenyewe bila mwenyeji. Nasema hivi kwa huzuni. Tarehe 1 Februari 2020, katika ibada iliyofanyika kwenye uwanja wa michezo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Siwalaumu marehemu. Walikuwa wakitafuta yale yale tunayoyatafuta sote: uponyaji, riziki, usalama. Lakini sisi tunaofundisha na kuhubiri hatuna budi kujiuliza tumewasomeshaje watu Maandiko hata wakaamini kwamba baraka ni kitu cha kukimbilia kabla hakijaisha. Mgeni aliyealikwa mezani hapigi mbio.

Biblia yenyewe inatuonya juu ya usomaji huu. Zaburi ya 91 nayo inahusu usalama, na inataja malaika wa kumlinda mtu asijikwae. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, anayeinukuu ni Ibilisi. Anamtaka Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu ili ahadi ijaribiwe. Kabla ya hapo alikuwa amemtaka ageuze mawe yawe mikate. Kwa hiyo jaribu la kwanza lilihusu lishe, na la pili lilihusu usalama. Maneno ya Zaburi hayakuwa ya uongo. Yaliharibiwa na matumizi, kwa kufanywa dhamana ya kumlazimisha Mungu. Yesu akakataa. Mathayo anamalizia kwa kusema kwamba baadaye malaika walikuja wakamhudumia. Kilichoahidiwa kilikuja kama zawadi, kwa wakati wake.

Karibu nasi tunao mfano wa mtu aliyeishi usomaji ulio sahihi. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana nchini Uganda, aliungana na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu. Aliuawa tarehe 16 Februari 1977. Kama imani ni bima, basi bima yake haikulipa. Kama imani ni kuwa na mtu wa kumwita "wewe" mahali penye giza, hukumu hiyo haiwezi kutolewa na wale waliokuwa na bunduki.

Najua hoja iliyobaki, nayo ni nzito. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulinikuta nikiwa mwalimu kijana. Watoto walikuja shuleni bila kula, wakasimama katika kipindi cha dini wakasema kwa sauti moja kwamba hawatapungukiwa. Mtu mwenye moyo hawezi kulisikia hilo akabaki vile vile. Je, mshairi aliwadanganya? Sidhani. Lakini pia sidhani kwamba Zaburi hii peke yake inatosha kuwajibu, na waliokusanya Zaburi hawakudhani hivyo. Wameiweka jirani na Zaburi ya 22, inayoanza na kilio cha mtu aliyeachwa na Mungu, kilio kile kile ambacho Yesu alikitoa msalabani. Mbele zaidi wakaiweka Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila neno la faraja. Kitabu kilichobeba zote tatu hakimkatazi mwenye njaa kulia. Wala hakisemi kwamba anayelia hana imani. Katika 22 na 88 mwenye kulia anamwambia Mungu wewe, sawasawa na yule wa bondeni. Hapo zote tatu zinapatana.

Mwisho wa shairi una jambo dogo la kufurahisha. Wema na fadhili vinamfuata mshairi. Wanaojua Kiebrania hutueleza kwamba kitenzi kilichotumika hapo kina nguvu kuliko "kufuata" kwetu. Ni kitenzi kinachotumika hata kwa adui anayemfukuza mtu. Aliyezoea kuwindwa sasa anawindwa na wema. Watesi bado wapo, lakini si wao tu walio nyuma yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaosoma Zaburi hii wodini na makaburini ni mfupi. Isomeni polepole. Mkifika kwenye mstari wa nne, msiupite kwa haraka ili mfike mezani. Simameni pale nafsi inapobadilika, mwacheni aliyefiwa aseme hilo neno moja, wewe, hata kama hana la kuongeza. Nikiwa na umri huu wa zaidi ya miaka sabini, mabonde niliyokwisha kupita ni mengi kuliko yaliyobaki, na lililobaki lazima nilipite. Sijaahidiwa kuzungushwa. Nimepewa neno la kumwita anayetembea nami, na hilo ndilo ninalolila kila siku.