Kabla ya kuamini namba: programu za spektra na somo la potwe wa Mafia

Leo tunahakiki programu za kuchambua spektra za nyota. Ila naomba tuanzie baharini.

Ukifika Kilindoni, kisiwani Mafia, kati ya Oktoba na Februari, unaweza kupanda boti na baada ya muda mfupi ukawa karibu na papa potwe. Mwili wake umejaa madoa meupe, na kila potwe ana mpangilio wake wa madoa, kama wewe ulivyo na alama zako za vidole. Mtafiti akipiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu, tayari ana kitambulisho cha potwe huyo. Kazi inayobaki ni kulinganisha picha ya leo na lundo la picha za zamani: huyu tulishamwona, au ni mgeni?

Sasa sikiliza hii. Njia mojawapo ya kulinganisha madoa hayo imetoka kwa wanaastronomia. Mwaka 1986 Edward Groth alichapisha algoriti, yaani hatua za hesabu, ya kulinganisha orodha mbili za nyota kwa kutumia pembetatu. Unachukua nyota tatu tatu, unapima umbo la kila pembetatu, kisha unatafuta zinazofanana nazo kwenye picha nyingine. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman wakaonyesha namna ya kuitumia kwa madoa ya potwe. Picha za potwe wa Mafia nazo zimelinganishwa kwa mfumo uliotokana na kazi hiyo.

Kinachonivutia mimi ni namna mfumo huo unavyomaliza kazi. Hautangazi tu kwamba "huyu ni fulani" na kukuacha. Unakuletea orodha ya wanaofanana naye, kila mmoja na alama alizopata, halafu mtu anaweka picha mbili sambamba, anatazama doa kwa doa, anaamua. Kompyuta imepunguza kazi ya wiki nzima, lakini neno la mwisho ni la mtu, na kila mtu anajua hivyo.

Basi hicho ndicho kipimo changu leo. Je, programu ya spektra inakuonyesha mahali ambapo uamuzi wako unahitajika, au inaamua kimyakimya halafu inakukabidhi namba safi yenye desimali nne?

Kwanza, tunapima nini?

Mwanga wa nyota ukiutawanya kwa rangi zake unapata spektra. Kwenye grafu inaonekana kama mlima mpana wenye mabonde membamba. Kila bonde ni rangi iliyomezwa na elementi fulani: haidrojeni, kalsiamu, chuma na kadhalika. Mahali bonde lilipo panakuambia nyota inakuja au inakwenda, na kwa mwendo gani. Ukubwa wa bonde unasaidia kukuambia elementi hiyo ipo kwa kiasi gani. Mlima wenyewe, kama ungekuwa hauna mabonde, tuuite mwanga wa msingi.

Hapo kuna maamuzi mawili tayari. Bonde liko wapi ukilinganisha na nini? Na mwanga wa msingi unapita wapi? Programu zote zinazofuata zinaishi au kufa kwa maswali hayo mawili.

SDSS: mlango mzuri, wenye kizingiti kisichoonekana

Mradi wa Sloan Digital Sky Survey umekusanya mamilioni ya spektra na kuziweka wazi, bure. Ukiwa Kilindoni na bando la kawaida unaweza kufungua spektra kwenye kivinjari, na faili dogo la spektra moja ni jepesi kuliko picha moja ya simu yako. Kwa mwanafunzi asiye na darubini, huu ni utajiri.

Nawapongeza pia kwa jambo moja. Mfumo wao unakadiria mwendo wa kila kitu wenyewe, lakini pembeni unaweka bendera ya tahadhari. Bendera ikiwa sifuri, mfumo haukuona tatizo. Ikiwa namba nyingine, inakuambia kuna jambo la kuangalia. Huo ni uungwana uleule wa mfumo wa potwe.

Kizingiti kiko hapa. Tuseme umeshusha spektra ya nyota, umeona bonde la haidrojeni kwenye rangi nyekundu, umelipima: angstromu 6,564.6. Unafungua kitabu cha fizikia, kinasema 6,562.8. Tofauti ni 1.8. Unapiga hesabu ya Doppler na unapata kwamba nyota inatukimbia kwa takriban kilomita 82 kwa sekunde. Unafurahi, unaandika ripoti.

Nyota haijakimbia popote. SDSS inaandika urefu wa wimbi kama ulivyo kwenye ombwe, ilhali kitabu chako kimeandika kama ulivyo hewani. Mwanga uleule, vipimo viwili tofauti. Habari hii imeandikwa kwenye maelezo yao, sikatai. Lakini mhimili wa grafu una maneno mawili tu, urefu wa wimbi na kipimo chake, na macho ya mwanafunzi yako kwenye grafu. Neno "ombwe" likiongezwa pale, kilomita 82 za uongo zinaondoka.

IRAF: mzee anayekulazimisha kufikiri

IRAF ilianza mwaka 1981 huko Kitt Peak, Marekani. Kwa zaidi ya miaka 30 ndiyo ilikuwa jembe la fani. NOAO, taasisi iliyoitunza, iliacha kuiendeleza mwaka 2013, na sasa wapenzi wake ndio wanaoihifadhi. Kusema kweli, kuiweka kwenye laptopu ya leo si mchezo, na amri zake ni za zama nyingine.

Lakini fungua kifaa chake kiitwacho splot. Ili upime bonde, unapeleka kishale upande mmoja wa bonde, unabonyeza e, unakipeleka upande wa pili, unabonyeza e tena. Programu inachora mstari kati ya alama zako mbili na kuutumia kama mwanga wa msingi. Ukiweka alama vibaya, unaona kwa macho yako mstari ukipita mahali pa ajabu.

Udhaifu wake ni kwamba matokeo yanaandikwa kwenye faili, ila sababu yako ya kuweka alama pale inabaki kichwani mwako. Mwenzako akirudia kesho atapata namba nyingine kidogo, na hamtajua nani kakosea.

Specutils: kijana hodari, msema kidogo

Specutils ni sehemu ya familia ya Astropy, kwa lugha ya Python. Ni bure. Ukishaiweka, inafanya kazi hata bando likiisha. Kila hatua unaiandika, kwa hiyo mwenzako anaweza kurudia ulichofanya neno kwa neno. Kwa hilo imempiku mzee wetu.

Tatizo ni ukimya. Chukua amri ya kupima upana sawia, yaani upana wa kisanduku cheusi kabisa ambacho kingemeza mwanga sawa na uliomezwa na bonde. Usipoiambia mwanga wa msingi ni kiasi gani, amri hiyo inachukulia kwamba ni 1. Kama spektra yako iko kwenye vipimo vingine, utapata namba ya kichekesho, na hiyo ni heri, maana utashtuka. Hatari ni pale mwanga wa msingi wako unapokuwa 1.05, karibu kabisa na 1. Ukipima kwenye dirisha la angstromu 40, kosa hilo la asilimia 5 linakuletea kosa la takriban angstromu 2. Mabonde mengi ya chuma kwenye nyota kama Jua hayafiki hata angstromu 1. Namba itatoka safi, na itakuwa takataka.

Specviz, iliyojengwa juu ya Specutils, imejifunza kitu hapa: unapopima bonde, inakuchorea kwenye grafu mwanga wa msingi iliyoutumia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kisichoonekana na kisichokuwepo

Kuna jambo ambalo hakuna programu kati ya hizi inayoweza kukufanyia, nalo tunarudi Mafia kulielewa. Kwa kuhesabu kwa macho, potwe huonekana wengi msimu wao kisha wanaadimika. Rahisi kusema wamehama. Watafiti wakawafunga baadhi yao vifaa vinavyotoa sauti chini ya maji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yakaonyesha kwamba potwe walikuwepo eneo hilo mwaka mzima. Walikuwa wamesogea mbali na ufuko na kushuka chini zaidi, wala hawakuwa wameondoka.

Jua lina hadithi kama hiyo. Kwenye mwanga wake unaoonekana, mabonde makubwa kuliko yote ni ya kalsiamu, ingawa kwa kila atomu milioni moja za haidrojeni kuna kama atomu 2 tu za kalsiamu. Heli ni karibu robo ya uzito wa Jua, lakini kwenye spektra ya kawaida ya uso wake huoni bonde la heli, kwa kuwa uso huo hauna joto la kutosha kulitengeneza. Mwaka 1925 Cecilia Payne, akitumia mlinganyo wa Meghnad Saha kuhusu joto na atomu, alipata kwamba nyota ni haidrojeni na heli kwa sehemu kubwa mno. Henry Norris Russell, bingwa wa wakati huo, alimshawishi kuwa haiwezekani, naye akaandika kwenye tasnifu yake kwamba huenda matokeo hayo si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alikubali kwamba Payne alikuwa sahihi.

Payne hakushindwa kupima. Namba zake zilikuwa sawa. Kilichogomba ni nani mwenye haki ya kuamua namba inasema nini.

Ufanye nini basi?

Nikupe ushauri wa bure. Kabla ya kupima mwendo wowote, uliza: ombwe au hewa? Kabla ya kupima bonde, chora mwanga wa msingi mwenyewe, upime, kisha usogeze kidogo juu na chini na upime tena. Tofauti unayoipata iandike pamoja na jibu lako. Na usipoona bonde, usiandike "hakuna." Andika bonde dogo kiasi gani ungeweza kuliona kama lingekuwepo.

Ukiniuliza nianze na ipi, nitasema Specutils pamoja na Specviz, ukiwa na tabia ya mzee IRAF ya kutazama kila mstari. Mwanafunzi wa chuo kikubwa cha ng'ambo akikosea, msimamizi wake yuko mlango wa pili. Wengi wetu huku tunajifunza wenyewe usiku, na programu ikinyamaza, hakuna mwingine wa kutuambia. Ndiyo maana nadai neno moja kwenye mhimili na mstari mmoja kwenye grafu. Si makubwa hayo.