Ufundi wa Kusoma Ardhi

Dereva wa mbio za magari za Afrika Mashariki alihitaji ustadi wa aina mbili. Ustadi wa kuendesha kwa kasi ulipatikana popote palipokuwa na magari. Ule wa kuisoma ardhi kabla gurudumu halijaikanyaga ulifundishwa na barabara zenyewe, na ni sehemu chache za Kenya zilizoufundisha kwa ukali kama nchi iliyo kati ya bahari ya Diani na nyika ya Taru, ambayo leo ni Kaunti ya Kwale. Ustadi huu wa pili ndio uliozipa mbio za Safari heshima yake, na unastahili kusifiwa kwa undani zaidi ya unavyosifiwa kwa kawaida.

Chanzo cha yote ni miamba. Kutoka ufuo wa Diani hadi Mackinnon Road ni chini ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, lakini ndani ya masafa hayo ardhi hubadilika tabia mara kadhaa. Ukanda wa pwani, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, umekaa juu ya matumbawe ya kale, jiwe gumu lenye ncha ambalo hupasua tairi ubavuni, mahali ambapo mpira ni mwembamba. Nyuma yake kuna miinuko ya mchanga mwekundu, ule ule wenye madini ya titani uliochimbwa nyuma ya Msambweni kuanzia 2013 hadi 2024. Mchanga huo ukikauka hulegea na kumeza gurudumu. Ukipata manyunyu hushikamana, na gari hupita juu yake bila taabu. Kisha barabara hupanda Shimba, takriban mita 400 juu ya bahari, kwenye mwamba wa mchanga wa chembe kubwa ambao humomonyoka kuwa changarawe. Changarawe hiyo huviringika chini ya tairi, na breki iliyokanyagwa ghafla haina inachokishika.

Upande wa pili wa vilima, kuelekea Kinango, chembe za mwamba huwa ndogo na vumbi huwa jepesi. Halafu huja matabaka ambayo wanajiolojia huyaita ya Maji ya Chumvi. Haya ni udongo uliogandamizwa, na mvua ya saa moja huugeuza kuwa utelezi ambao hata mwenye miguu huuogopa. Mwisho ni Taru, yenye mwamba mkavu wa mchanga, miiba, joto, na zile ngurunga, mashimo ya asili kwenye mwamba yanayohifadhi maji ya mvua. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilipima mwendo wake kwa ngurunga hizo, kwa kuwa aliyezikuta zimekauka alikuwa na siku ngumu mbele yake. Kwa hiyo elimu ya kuisoma nchi hii haikuletwa na gari. Gari liliikuta kwa wapagazi.

Njia ya kwanza ya magurudumu ilikatwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890, pale Imperial British East Africa Company ilipotaka mikokoteni ya ng'ombe ifike Kibwezi kutoka pwani. Ilipewa jina la mwenyekiti wa kampuni, William Mackinnon. Muda si muda reli ikaipiku: ujenzi ulianza Kilindini mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na njia ya mikokoteni ikaachiwa vichaka. Jina lilibaki kwenye stesheni, kisha kwenye mji mdogo ambao wasafiri wa leo huujua kwa kaburi la Sayyid Baghali Shah lililo kando ya reli. Kwa miaka mingi baadaye mtu aliyetaka kusafiri na gari lake kati ya Mombasa na Nairobi alilipakia kwenye treni. Mwaka 1926 Lionel Galton-Fenzi, mmoja wa waasisi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, aliendesha kutoka Nairobi hadi Mombasa akitafuta njia inayopitika. Mnara wa kumbukumbu yake unasimama Kenyatta Avenue, Nairobi. Alichokifanya hakikuwa mbio, lakini kilikuwa na kila kitu ambacho mbio zingekuja kudai: kukisia mto uko wapi, kupima tope kabla ya kuliingia, na kujua wakati wa kurudi nyuma.

Mbio za Safari zenyewe zilianza mwishoni mwa Mei 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, na yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa. Kanuni hiyo ilikuwa ya busara kubwa. Ilimaanisha kwamba mashindano hayangeamuliwa na fedha za kiwanda, bali na mtu aliyejua kulifikisha gari la kawaida mahali ambapo magari ya kawaida huvunjika. Baadaye zikahamia wakati wa Pasaka, yaani mlango wa masika, na masafa yakafikia takriban kilomita 5,000 kwa siku chache, usiku na mchana, kwenye barabara zisizofungwa, zenye malori, mabasi, ng'ombe na tembo. Dereva hakushindana bega kwa bega na mwenzake. Alishindana na saa, na kila dakika aliyochelewa kituoni iliandikwa dhidi yake.

Mkondo wa pwani ulipopita Mackinnon Road na Taru kuelekea Mombasa, ufundi ulionekana wazi. Barabara ya udongo inayopitwa na malori hujiwekea matuta madogo ya mfululizo. Anayeyapita polepole hutikiswa hadi nati zilegee. Anayefika takriban kilomita 80 kwa saa hupita juu ya vilele vyake na gari hutulia, ila usukani huwa mwepesi na breki hudanganya. Kwenye mabonde makavu dereva hodari alikanyaga breki kabla ya ukingo na kuiachia kabla ya kushuka, ili springi zinyanyuke na sampu isigonge mwamba. Kwenye maji, mmoja wa wawili waliokuwa garini alishuka na kuyapima kwa miguu. Kwenye tope, swali lilikuwa kama nyayo za gari lililotangulia zina sakafu ngumu au zimeshachimbika kupita kiasi, na jibu lilitakiwa ndani ya kupepesa jicho. Usiku, vumbi la aliye mbele lilipoziba taa, macho yaliachana na barabara yakafuata mstari wa vichaka pembeni. Rangi ilikuwa na maana yake pia: wekundu uliokolea ulionyesha unyevu, weupe uliopauka ulionyesha unga wa vumbi unaofunika shimo.

Pembeni ya dereva alikaa msoma ramani, na sifa zake huwa chache mno kuliko kazi yake. Alihesabu kilomita, akatunza saa, akasoma kitabu cha njia kwa kurunzi ndogo huku akirushwarushwa, akabadilisha tairi na kusukuma gari lilipokwama. Mwaka 1963, kati ya magari zaidi ya 80 yaliyoanza, 7 tu yalimaliza. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, na tena yakamaliza 7. Miaka yote miwili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Bahati haichagui watu wale wale mara mbili katika miaka miwili iliyowaangusha wengi kuliko yote. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walilingana kwa adhabu hadi mwisho, na ushindi ukapewa Mehta kwa sababu alikuwa amesafiri mbali zaidi bila kuadhibiwa. Alikuja kushinda mara nyingine 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Mike Doughty.

Mfano kamili wa ufundi huu, hata hivyo, ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi makanika kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Alishiriki Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Hesabu hiyo ya pili inapita ushindi wake wote. Mtu aliyeshika spana miaka mingi huisikia springi inapoanza kuchoka, na hupunguza mwendo kabla haijakatika.

Marekani ilianza mahali pale pale ikaenda upande mwingine. Mbio zake za kwanza, Chicago hadi Evanston na kurudi, Novemba 28, 1895, zilifanyika kwenye theluji na tope. Magari 6 yalianza, 2 yakamaliza, na Frank Duryea akashinda kwa mwendo ambao mbio za baiskeli zingeupita. Magari mengi ya mbio ya enzi iliyofuata yalikuwa na makanika aliyekaa kando ya dereva, akipampu mafuta na kutazama tairi, kazi ambayo taniboi wa lori la Kinango angeielewa bila kuelezwa. Lakini William K. Vanderbilt Jr., aliyeanzisha mashindano ya Vanderbilt Cup huko Long Island mwaka 1904, baada ya mtazamaji kufa kwenye mbio za 1906, aliamua kujenga barabara maalumu ya zege kwa ajili ya magari tu. Long Island Motor Parkway ilifunguliwa mwaka 1908, ikafikia takriban kilomita 72, yenye madaraja ya kuvuka kila njia nyingine. Ilifungwa mwaka 1938, na vipande vyake katika eneo la Queens vimekuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Huko Indianapolis, mwaka 1911, Ray Harroun alishinda bila makanika, akiwa na kioo cha kutazamia nyuma. Barabara ilipokuwa haina siri, jicho la pili halikuhitajika.

Safari Rally iliingia katika mashindano ya dunia mwaka 1973, ikatoka baada ya 2002 na kurudi mwaka 2021 ikiwa na makao Naivasha, kwenye vipande vilivyofungwa ambavyo kila kona yake huandikwa mapema. Ni mchezo mzuri, ila ni wa ustadi ule wa kwanza. Ule wa pili unaishi katika Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003 kwa magari ya zamani, na ambayo mara kadhaa imeanzia au kuishia pwani. Björn Waldegård, aliyekuwa ameshinda Safari yenyewe mara 4, aliishinda mwaka 2007 na 2011, msoma ramani akiwa mwanawe Mathias.

Katika Kwale, barabara kuu ya Mombasa na ile ya Likoni hadi Lunga Lunga zina lami, na lami inazidi kuingia bara. Njia nyingi za Kinango, Samburu na nyuma ya Msambweni bado ni za udongo. Greda huzipitia baada ya masika, na matuta hurudi ndani ya wiki chache. Wanaozisoma sasa ni madereva wa malori ya makaa, mchanga na ng'ombe, wa matatu na wa bodaboda, wengi wao wakijua vizuri kuliko ramani yoyote ni drifti ipi hupitika saa mbili baada ya mvua kukatika na ipi husubiri mpaka kesho.