Nani alimutuma? Riwaya za wauaji wa siri kwa wasomaji wa Kasongo na Kabambare



Mmeona wenyewe: wadogo zetu wa sekondari, na hata sisi wa chuo kikuu, tunapashana kwa telefone riwaya za fantasia za wauaji wa siri. Ni vile vitabu ambamo msichana au kijana wa miaka 16 anafundishwa kisu, sumu na kupanda ukuta usiku, kisha mfalme anamtuma kwenda kuua mtu. Wakubwa wetu wa chama hawavipendi. Wanasema: "Huku kusini ya Maniema tumeona wauaji wa kweli. Juu ya nini muwape watoto wauaji wa kuchezea?" Wengine wanajibu kwamba ni hadithi tu, bora mtoto anasoma.

Hilo jibu la pili ni la uvivu. Mwenye kusema "ni hadithi tu" hajaona mtoto akimaliza kurasa 400 ndani ya siku tatu, umeme hakuna, telefone yenyewe kioo kimepasuka, na chaji anaenda kuilipia sokoni. Mtoto yule anaamini anachosoma. Kwa hiyo wakubwa wana haki ya kuuliza. Mimi nasema vitabu hivi visomwe, lakini kwa kipimo, na kipimo chenyewe ni swali moja: nani alimutuma huyu muuaji? Kitabu chenye kinalishughulikia swali hilo, mpe mdogo wako bila woga. Kitabu chenye kinalikimbia, kisomeni pamoja.

Swali hili linatoka hapa kwetu. Fikirini neno "kadogo". Ni neno la mapenzi, mama anamwita nalo mtoto wake wa mwisho. Mwaka 1996, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipokusanya watoto wa mashariki na kuwapa bunduki, neno hilo likabadilika maana, na leo ukisema "kadogo" popote Kongo watu wanaelewa askari mtoto. Tarehe 16 Januari 2001, Kabila huyo huyo alipigwa risasi ofisini mwake Kinshasa na mlinzi wake kijana. Jina la kijana kila mtu analijua, Rashidi Kasereka. Juu ya mwenye kumtuma, Wakongo wanabishana mpaka leo.

Ukirudi nyuma zaidi, mambo ni yale yale. Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria, aliuawa Oktoba 1892 kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakubwa wa Waarabu wa huku Kongo. Kibonge hakushika kisu, alituma watu. Mwaka uliofuata, askari wa Dhanis walipoteka Kasongo, vitu vya marehemu vilikutwa hapa mjini. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika kazi hii mjumbe njo anaua, njo anakamatwa, na mwenye kumtuma amelala nyumbani.

Sasa tuingie ndani ya vitabu.

Cha kwanza, na kwangu kinapita vyote, ni L'Apprenti assassin cha Robin Hobb, mwandishi Mmarekani. Kwa Kiingereza kilitoka 1995, kwa Kifaransa 1998. Nisiwadanganye: hakikuandikwa kwa ajili ya vijana peke yao, na mwanzo wake unaenda polepole. Lakini kijana wa miaka 15 mwenye subira atakimaliza. Fitz ni mtoto wa inje wa mwana wa mfalme. Ana miaka sita hivi wakati babu yake mzaa mama anamshika mkono, anamfikisha kwa askari, anamwacha pale, anaenda zake. Mtoto analala zizini na mbwa. Kisha siku moja mfalme Subtil, ambaye ni babu yake kwa upande wa baba, anamwita na kufanya naye mapatano: nitakulisha, nitakuvisha, nitakusomesha, na wewe utakuwa wangu. Anamchomeka pini kwenye nguo, iwe alama ya mapatano.

Hapo njo ukubwa wa kitabu. Mfalme si mkali, hapigi, hatishi. Anampa mtoto mwenye njaa chakula na mtu wa kumtambua. Nilimpa kijana mmoja wa upande wa Kabambare asome hiyo sura. Alikuwa amepita msituni, sasa analima karanga na mpunga. Alikaa kimya kidogo, akasema: "Na mimi pia walianza na chakula." Sikuongeza neno. Mtu aliyeandika mbali kabisa na kwetu alikuwa amejua mlango wenye watoto wetu waliingizwa nao.

Mwalimu wa Fitz anaitwa Umbre, mzee mwenye uso wa makovu anayeishi kwa kujificha ndani ya ngome na kuja usiku kupitia ngazi ya siri. Anamfundisha sumu, na mimi kama mtu wa kilimo nilipenda namna anavyomfundisha. Katika vitabu vingi vya aina hii sumu ni tone moja la uchawi, mtu ananusa, anaanguka. Umbre anafundisha mimea kwa miaka: mizizi, majani, vipimo, nini kinaponya kidogo na kuua kikiwa kingi. Mama zetu wanajua hayo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, njo maana tunaulowesha siku tatu au nne na kuuanika, na mwenye kukata siku juu ya njaa anaweza kupata ugonjwa wa konzo, miguu ikakataa kutembea. Sumu ya kweli iko karibu na chakula. Hobb anajua hivyo, na ndiyo maana kitabu chake kinatisha bila makelele.

Pia kuna sehemu ambapo Umbre anamwomba Fitz aibe kitu kidogo tu chumbani kwa mfalme, kama mchezo, na mtoto anakataa. Umbre ananuna, anaacha kumwita, na mtoto anabaki peke yake siku nyingi. Soma kurasa zile taratibu. Mtoto anateseka juu ya kupoteza rafiki wake mmoja tu mkubwa, hata kuliko angeteseka na kiboko. Hapo unaelewa namna mtu anatengenezwa. Na Umbre mwenyewe naye ni mtoto wa inje wa ukoo ule ule, alitumika mbele yake. Mwenye kutuma anaonekana, na aliyetumwa jana anamtuma wa leo.

Cha pili ni Raybearer cha Jordan Ifueko, mwandishi Mmarekani wa asili ya Nijeria, cha mwaka 2020. Mimi nilikisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo nawaita wale wenye kuhangaika na Kiingereza juu ya kazi za mashirika: hapa kuna zoezi zuri. Tarisai analelewa katika nyumba ya upweke, walimu wengi, hakuna mtu wa kumgusa wala kumkumbatia. Mama yake, anayeitwa The Lady, anakuja mara chache, na mtoto anamtamani kama mvua. Kumbe mama amemzaa kwa kazi moja. Anamwamuru: utaenda kwa mwana wa mfalme, utampenda, na siku utakapompenda kuliko zote, utamuua. Amri imefungwa kwa uchawi, Tarisai hawezi kuikataa kwa kusema hapana.

Wasomaji wengine wanasema uchawi ule ni njia ya mkato ya mwandishi. Mimi naona ni kinyume. Kila mtu aliyewahi kukaa na watoto waliotoka kwenye vikundi anajua kwamba "si ungekataa tu" ni maneno ya mtu ambaye hakuwepo. Ifueko ameyapa hayo mwili: amri inakaa ndani ya mtoto, inangoja, na mtoto anatafuta njia ya kubaki mtu. Udhaifu wa kitabu uko mwishoni. Mambo ya dola, sheria na mapatano na mashetani yanarundikana haraka, na kitabu cha pili, Redemptor, njo kinabeba mzigo. Lakini nusu ya kwanza ni safi.

Cha tatu, A Song of Wraiths and Ruin cha Roseanne A. Brown, aliyezaliwa Ghana na kukulia Marekani, nacho cha 2020. Malik ni mkimbizi. Anafika na dada zake wawili kwenye mji mkubwa wa Ziran, wakati wa sikukuu yenye kufanyika kila miaka 50, na watu wa kabila lake wanadharauliwa pale mlangoni. Pepo anamchukua mdogo wake, anampa bei: muue binti wa mfalme, nitamrudisha. Malik anashikwa na woga mpaka pumzi inakatika, mikono inatetemeka. Napenda kwamba mwandishi hakumponya kwa ukurasa mmoja. Kwa familia zetu zenye kukimbia na godoro kichwani kutoka kijiji mpaka kijiji, Malik ni mtu wa kumjua. Ila mapenzi yake na binti wa mfalme yanakuja mbio sana, msomaji mkubwa atacheka kidogo.

Sasa nifike kwa Keleana, wenye wengi wenu mnampenda. Kwa Kiingereza ni Throne of Glass cha Sarah J. Maas, 2012. Kwa Kifaransa kitabu cha kwanza kilitoka 2013 kwa jina L'Assassineuse. Msichana wa miaka 18, muuaji mwenye sifa kuliko wote, amefungwa mwaka mzima kwenye mgodi wa chumvi wa Endovier. Mwana wa mfalme anamtoa ili ashindane awe muuaji wa baba yake. Kitabu kinakimbia vizuri, msichana ana mdomo mkali, na mtoto asiyependa kusoma atasoma hiki. Hiyo si sifa ndogo.

Lakini tazameni. Mgodi wenyewe, wenye watumwa wanapigwa na kufa, tunautoka mapema sana, tunaingia kwenye ngome ya kioo, magauni, peremende na kinanda. Sisi watu wa karibu na Namoya na Salamabila tunajua kwamba mgodi hautoki mwilini upesi hivyo. Na Arobynn, mtu aliyemchukua akiwa na miaka minane akamfanya muuaji, katika kitabu hiki cha kwanza ni kivuli tu. Kuua kumekuwa nguo nzuri msichana anayovaa. Mwaka ule ule wa 2012, mwezi wa Machi, mahakama ya kimataifa kule La Haye ilimkuta Thomas Lubanga wa Ituri na hatia ya kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mahakimu waliuliza nani aliwaita watoto. Maas katika kitabu chake cha kwanza anauliza nani atashinda mashindano. Vitabu vyake vya mbele vinajaribu kurekebisha, lakini mdogo wako ataanza na cha kwanza.

Kwa wadogo zaidi, wa miaka 12 au 13, wapeni Ellana cha Pierre Bottero, Mfaransa aliyefariki 2009. Wale marchombres wake wana ufundi wote wa wauaji wa siri, kupanda, kujificha, kupigana, lakini njia yao ni ya uhuru, na mwanafunzi anaingia kwa hiari na kwa muda uliopangwa. Ni vizuri mtoto aone kwanza namna mwalimu mwema anavyofundisha, kusudi akikutana na Umbre ajue tofauti.

Kwa hiyo kwa wakubwa wetu nasema hivi: woga wenu una msingi, lakini kuficha vitabu hakusaidii, telefone ziko mikononi. Na kwa sisi vijana: ukimpa mtu aliyepita msituni kitabu cha namna hii, muulize kwanza kama anataka. Wengine watataka, wengine watakuambia usiku wao unatosha.

Mpango wangu wa kusoma ni Ellana kwanza, halafu Keleana kwa kufurahi, mara moja baada yake L'Apprenti assassin kusudi mlinganishe, kisha Raybearer na Malik kwa wenye Kiingereza. Baada ya kila kimoja muulize mdogo wako ni nani alimutuma huyu. Akikujibu kwa jina la mfalme, muulize tena alimpa nini.

Bado kimoja hakipo. Hakuna riwaya ya namna hii niliyowahi kuiona kwa Kiswahili cha kwetu, na mji huu una kila kitu: barua zenye amri, watu wa kutumwa, vitu vya marehemu vinavyokutwa ndani ya nyumba ya mwingine. Fakilte ya lettres, mnasikia? Sisi wa kilimo tutawasahihishia sura ya sumu.