Kuondoa Polishi Kuukuu Juu ya Vinia

Katika samani za Uingereza za karne ya 19, ambazo mafundi wake waliuvika ubao duni kwa ganda jembamba la mahogani, ndilo vinia, kisha wakaling'arisha kwa lakiri iliyoyeyushwa katika spiriti, kiraka kipya kikibanduka aghalabu lawama hutupiwa gundi, ilhali kosa limo katika polishi iliyoachwa chini yake. Gundi hupata nguvu kwa kupenya katika nyuzi za mti na kukaukia humo. Ikikuta vinyweleo vimezibwa kwa lakiri au nta hubaki juu juu, na siku lakiri itakapoachia, kiraka nacho huondoka.

Jambo la awali, basi, ni kuitambua polishi yenyewe. Fundi huchagua mahali pa siri, akapagusa kwa pamba yenye spiriti: ikianza kunata kidoleni, hiyo ni lakiri, ikikataa spiriti ikakubali thina, yaelekea ni vanishi ya selulosi, iliyoenea viwandani tangu miaka ya 1920, na ikiyakataa yote mawili, huenda ni vanishi ya mafuta iliyokomaa au mojawapo ya zile za kisasa, ambayo hutaka dawa yake mahsusi au kukwanguliwa kwa subira.

Lakiri haihitaji nguvu. Kitambaa kilicholoweshwa, wala kisichotiririka, hulazwa juu yake kitambo kidogo, kisha ule utelezi wa hudhurungi hukusanywa kwa bamba la chuma lisilo kali, kwa kufuata mkondo wa nyuzi, na kitambaa kugeuzwa kila mara kisije kikairudisha lakiri ile ile vinyweleoni. Kumimina spiriti ni hatari, kwani ikizama hadi kwenye gundi ya kale, iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, huinyang'anya unyevu ikawa kavu na ya kukatika. Maji nayo huilainisha. Na soda kali, pamoja na kuilegeza, huusawijisha mti wa mahogani. Madirisha yawe wazi na moto uwe mbali.

Msasa ndio adui mkubwa, ingawa ndio unaokimbiliwa kwanza. Vinia ya kale iliyopasuliwa kwa msumeno yaweza kuzidi milimita 1, lakini ile iliyochanwa kwa kisu cha mashine haipiti sana milimita 0.6, na pembeni huisha kabla fundi hajatanabahi. Zaidi ya hayo, lakiri hupata joto la msuguano ikayeyuka na kusukumwa ndani ya vinyweleo ilimokuwa inatolewa.

Spiriti ikisha kuruka, tone dogo la maji hutoa shahada: likisimama kama shanga, lakiri au nta ingalipo, na nta hutolewa kwa tapentaini, likitandaa na kunywewa, mti u wazi, nao huachwa ukauke. Hapo mimi huipendelea gundi ile ile ya ngozi, kwa kuwa yapatana na mabaki ya mwenziwe wa kale, hali gundi nyeupe ya dukani hudai mabaki hayo yafutwe kabisa.

Msomaji mwenye meza ya namna hii asimruhusu fundi kushika msasa kabla ya kumwuliza polishi iliyopo ni ya aina gani, na ameijuaje.