Kumtafuta Syombua wa Kambu

Chukua karani wa rekodi katika kituo cha afya cha Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Foleni ni ndefu. Ili kumpata mgonjwa, anaandika maneno matatu: Syombua Mutua Kambu. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004 kwa ushirikiano wa Eldoret na Indiana na ambao ndio msingi wa KenyaEMR inayotumika Kenya, huweka majina katika jedwali moja, anwani katika jingine na namba za wagonjwa katika la tatu. Kinachoyaunganisha ni namba moja tu ya mtu.

Fundi mvivu huyaunganisha majedwali yote kwanza, kisha ndipo atafute. Syombua aliyeandikishwa kwa majina matatu na anwani mbili tayari amekuwa mistari sita. Zidisha kwa wagonjwa wote wa kituo. Tena mvivu huruhusu herufi zipatikane popote ndani ya neno, ilhali faharasa ya kawaida hupangwa kwa herufi za mwanzo. Basi faharasa hiyo inakaa kando bila kazi, na kompyuta inasoma kila mstari. Kompyuta haichoki, mama aliye kwenye benchi huchoka.

Fundi ninayemsifu hapa huuliza kila jedwali peke yake, tena huomba namba za watu tu. Hushika orodha fupi kuliko zote, huichuja kwa jedwali linalofuata, na maelezo kamili huyaleta mwisho, kwa wale wachache waliobaki. Ujuzi wenyewe uko katika kuchagua neno la kuanzia. Aliyepotelewa na mbuzi sokoni haulizii mwenye miguu minne, huulizia mwenye sikio lililokatwa. Mtafiti Karen Spärck Jones aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1972: uzito wa neno hutokana na uchache wake. Ukambani, akina Mutua ni wengi. Na “Kambu”, ndani ya Kambu, halimpunguzi karibu mtu yeyote, japo neno hilohilo katika hospitali ya Kisumu ndilo ningeanza nalo. Hifadhidata za kisasa hukisia uchache huo zenyewe, mradi swali halikuundwa vibaya.

Halafu kuna tahajia, na hapa ndipo ufundi wa kuazima hukwama. Soundex, mbinu ya kulinganisha majina kwa sauti aliyoipatia hataza Robert Russell huko Marekani mwaka 1918, huwaweka Syombua na Siombua pamoja: wote ni S510. Vizuri. Lakini Kimanthi huwa K553 na Kimanzi K552, ingawa mara nyingi ni jina lilelile mikononi mwa makarani wawili. Mutua na Mutie, ambao hakuna mtu wa hapa angewachanganya, wote ni M300.

Kwa hiyo fundi wa huku hujitungia kanuni zake: “th” na “z” zihesabiwe sauti moja, “sy” na “si” vivyo hivyo, irabu za mwisho zisitupwe. Wala haziiti kanuni hizo kwa kila jina lililohifadhiwa wakati karani anasubiri, ila kwa neno linalotafutwa tu. Kwa majina yaliyohifadhiwa huzitumia mara moja, siku jina linapoandikishwa, na umbo lililosawazishwa hulihifadhi katika safu yake yenye faharasa.