Mkono wa Mkemia

Waulize wazazi wa mjini wanataka watoto wao wasomee nini chuo kikuu: watataja udaktari, uhandisi, sheria, uhasibu. Kemia haitajwi, na ikitajwa ni kama kimbilio la aliyekosa nafasi ya udaktari. Mimi niliisoma shahada hiyo kwa kuichagua, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona kwamba inadhulumiwa. Watu wanadhani kemia ni kukariri: jedwali la elementi, valensi, majina marefu ya kuvunja ulimi. Kukariri kupo, sikatai. Lakini kinachofundishwa kwa miaka mitatu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika vyuo vyetu vingine, ni ufundi wa mikono na macho. Ufundi wa kuiuliza maada swali kwa namna ambayo haiwezi kujibu ovyo.

Chukua magadi. Kila jiko linayajua. Kipande kidogo hutupwa kwenye sufuria la maharage sugu, maharage yakalainika. Wazee huyachanganya na tumbaku ya ugoro. Ziwa Magadi upande wa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na Ziwa Natron upande wa Tanzania, yamejaa chumvi hiyo. Chemchemi za moto huileta kutoka ardhini, jua likayakausha maji, na kinachobaki ni gamba gumu ambalo wakemia huliita trona: sodiamu kabonati na sodiamu bikabonati zilizofungamana kwa idadi sawa, moja ya hii kwa moja ya ile, pamoja na maji kidogo. Hayo ndiyo maneno ya kitabu. Sasa thibitisha.

Unasaga kipande chako, unapima unga wake kwenye mizani yenye milango ya kioo, kwa sababu hata pumzi yako inaweza kuitikisa tarakimu ya nne baada ya nukta. Trona ikiwa safi, gramu 2.26 zinatosha. Unaziyeyusha, unajaza maji yaliyokenekwa hadi kwenye alama ya chupa ya mililita 250, unachota mililita 25 kwa pipeti na kuzitia kwenye chupa koni. Kwenye bureti kuna asidi haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita. Matone mawili ya fenoftalini, na maji yanageuka ya waridi.

Kuanzia hapo ni kazi ya mikono miwili. Wa kushoto unashika koki ya bureti, wa kulia unaizungusha chupa juu ya kigae cheupe. Asidi inaingia, waridi inafifia, inarudi, inafifia tena. Ukikaribia mwisho huruhusiwi hata tone zima. Unaliacha nusu tone lining'inie kwenye ncha ya bureti, unaligusisha kwenye ukuta wa chupa, unalisukuma chini kwa maji machache. Rangi inaondoka na hairudi. Unasoma: mililita 10. Kabonati yote imekuwa bikabonati. Unatia methili oranji, maji yanakuwa manjano, unaendelea na asidi hadi manjano ianze kuelekea wekundu, hewa ya ukaa ikitoka kwa vipovu vidogo. Safari hii zimetumika mililita 20.

Ukiielewa hiyo 10 na 20 umeelewa kwa nini naandika insha hii. Ingekuwa sodiamu kabonati peke yake, vipimo viwili vingelingana, kwa sababu bikabonati ya awamu ya pili ingekuwa ileile iliyozaliwa katika awamu ya kwanza. Kipimo cha pili kimekuwa maradufu kwa kuwa ndani ya jiwe mlikuwa na bikabonati nyingine tangu mwanzo, nayo inalingana kwa hesabu na kabonati. Hakuna aliyeiona chembe hata moja. Hakuna hadubini iliyotumika. Rangi mbili, koki moja na mtu makini, na jiwe la sokoni limeeleza jinsi lilivyojengwa. Na kwa kuwa ni la sokoni kweli, lina mchanga na chumvi ya kawaida, basi namba zako hazitakuwa 10 na 20 kamili. Nazo tofauti hizo zinasomeka, zinakuambia ni sehemu gani ya ulichonunua ni magadi na ipi ni uchafu.

Maabara yetu ilikuwa na fundi sanifu mmoja wa makamo ambaye wote tulimwita Mzee. Hakuwa mwenye maneno. Alikuwa akipita nyuma ya mabenchi, na akimkuta mtu anasoma bureti akiwa amesimama wima, anamgusa bega: "Inama, mwanangu. Macho yalingane na maji." Maji ndani ya bomba la kioo hujikunja, yakapanda kwenye kingo na kushuka katikati, na kinachosomwa ni ule mwinamo wa chini. Ukiutazama kwa juu unapata namba moja, ukiutazama kwa chini unapata nyingine. Ukweli uko mahali pamoja tu, nawe ndiye unayepaswa kuinama.

Hapo ndipo tabia inapojengwa. Unarudia kipimo mpaka viwili vikubaliane ndani ya mililita 0.1. Ni alasiri, umechoka, wenzako wanaosha vyombo, na kipimo chako cha tatu kimekataa kukaa na viwili vya mwanzo. Kila mwanafunzi wa sayansi anajua maana ya kupika matokeo, na anajua ilivyo rahisi. Daftari la maabara huandikwa kwa kalamu ya wino. Kilichokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka chini yake. Sijui somo jingine la chuo linalomweka kijana peke yake na nafsi yake hivyo, wiki hadi wiki, juu ya jambo dogo kama tarakimu ya pili baada ya nukta. Anayejizoeza kuiandika namba asiyoipenda amepata kitu ambacho mahakama, hospitali na kiwanda vitakihitaji kwake baadaye. Majibu ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu sumu au vinasaba huingia katika kesi za watu. Nyuma ya kila karatasi ya namna hiyo kuna mtu aliyefundishwa kuandika alichokiona.

Kemia ogania ina uzuri wa namna nyingine, na kwetu inanukia. Wanafunzi wengi duniani hufundishwa kukeneka kwa mvuke kwa kutumia karafuu, na sisi karafuu tunazo Unguja na Pemba. Kiungo kinachoipa harufu ni eujenoli, mafuta ambayo peke yake huchemka kwenye nyuzi joto 254 za Selsiasi, joto la kuiunguza karafuu yenyewe. Lakini ukiyachanganya na maji yanayochemka, kila kimoja kinasukuma mvuke wake bila kujali cha mwenzake, nguvu za mivuke miwili zinajumlishana, na vyote viwili vinapanda pamoja kabla hata ya kufika nyuzi 100. Kinachodondoka upande wa pili ni maji meupe kama tui. Ukiyaacha yatulie, mafuta yanazama chini, kwa sababu ni mazito kuliko maji. Kisha unatia alikali: eujenoli, ikiwa na tabia ya asidi dhaifu, inaingia kwenye maji na kuyaacha mafuta mengine, unarudisha asidi, inatoka tena ikiwa peke yake. Kiwanda cha makonyo ya karafuu cha Wawi, Pemba, kinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ya mvuke, na daktari wa meno anayetuliza jino kwa mafuta ya karafuu anatumia molekuli ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuichora kwa penseli na kueleza kila kona yake.

Kuchora nako ni ufundi. Ile mishale iliyopinda inayoonyesha elektroni zinatoka wapi kwenda wapi ilianza kutumiwa na Robert Robinson huko Uingereza mwaka 1922, na hadi leo ndiyo inayomtoa mwanafunzi kwenye kukariri miitikio mamia kwa mamia na kumwingiza kwenye kuielewa michache inayozaa mingine yote. Kuhusu kemia ya fizikia, ambayo wanafunzi wanaiogopa kuliko zote, nitasema moja tu: ndiyo inayokufundisha kwamba gramu 18 za maji, funda moja la mtoto, zina molekuli 6.022 mara kumi kwa kipeo cha 23, na kwamba mwendo wa halaiki hiyo unaweza kutabiriwa bila kumjua hata mmoja wao.

Inanisikitisha kwamba wapo wanaofika chuoni hawajawahi kuishika bureti. Kuna shule ambazo maabara ni chumba chenye jina mlangoni, na vitendo vinasomwa kwenye daftari. Kumfundisha mtu kemia hivyo ni kumfundisha kuogelea juu ya mkeka. Vijana hao huanza mwaka wa kwanza na mikono inayotetemeka, na nimewaona baadhi yao wakimaliza wakiwa na mikono mizuri kuliko ya waliotoka shule zenye kila kitu, kwa sababu hakuna walichokizoea kwa uzembe. Serikali ikitaka wakemia, pa kuanzia ni pale kidato cha kwanza, kwa vioo, kemikali na fundi sanifu wa kuvitunza.

Na kazi ipo, hata kama tangazo la ajira haliisemi kwa jina. Mabingwa wetu wamekwisha kuonyesha njia: Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka mingi kuchambua mimea ya mwituni ya Tanzania, hasa ya ukoo wa mstafeli, na kutenga ndani yake molekuli ambazo hazikuwa zimejulikana kokote. Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye maji ya kunywa.

Kuzunguka Mlima Meru, maji mengi ya chemchemi na visima yamepita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huko kuna vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa, na watoto wanakua na meno ya kahawia, wengine na mifupa iliyopinda. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na dawa inayotumika ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Madini yaliyo ndani ya mfupa huikamata floraidi. Lakini mfupa lazima uchomwe kwa kadiri yake, hewa ikiwa chache: joto likipungua, maji yananuka na kupata rangi, likizidi, mkaa unapendeza kwa weupe wake na hauna nguvu ya kukamata kitu. Anayesimamia tanuru anahitaji jicho lilelile lililozoezwa kwenye chupa koni.

Kisha kuna kupima. Floraidi haina rangi wala harufu, na mkaa ukichoka maji yanaendelea kutoka kwenye ndoo ya chujio yakiwa maangavu kama jana. Mama wa nyumba hawezi kujua. Mtu anayeweza kujua ni yule mwenye elektrodi ya floraidi, aliyeichomeka kwanza kwenye miyeyusho mitatu minne ambayo kiwango chake kinajulikana, akachora mstari wake, akatia kwenye sampuli dawa ya kuiachilia floraidi iliyoshikwa na aluminiamu na chuma, akasubiri milivolti zitulie, akasoma. Ni zoezi la mwaka wa tatu. Wanafunzi hulifanya kwa mradi wa kuhitimu, wakaandika ripoti, wakapewa alama, ripoti ikaenda kabatini. Natamani kila halmashauri yenye maji ya namna hiyo imwajiri mmoja wao, impe pikipiki, elektrodi na chupa za sampuli, azungukie visima na machujio ya nyumbani mwaka mzima, na namba zake zibandikwe mahali ambapo wanaochota maji watazisoma.