Mcheza Kwao Hutunzwa

Malemba-Nkulu ni mji wa mto. Lualaba inapita kando yake ikitoka kwenye maziwa ya Upemba na Kisale, na samaki wa maji hayo ndio waliojenga nyumba, waliolipa karo na waliotoa mahari kizazi baada ya kizazi. Lakini mji haushibi kwa samaki peke yake. Harusi, ubatizo, mapokezi ya mchungaji mpya, siku matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa, yanapotoka na vijana waliofaulu kumwagiwa poda nyeupe kichwani: yote hayo yanamhitaji mtu mwenye vyombo vya sauti (sono), jenereta na masikio. Huyo ndiye DJ wetu. Nataka kuisifu kazi yake, na nataka pia kulijibu swali linalomsumbua kila kijana anayeishika kazi hiyo katika mji mdogo: apige mara ngapi kwao kabla watu hawajamchoka?

Jibu langu nalitoa mapema. Apige kila mji unapokuwa na sababu ya kucheza, na asipige kamwe usiku uleule mara mbili.

Anayedhani kazi hii ni kubonyeza kitufe na kukaa, amwangalie DJ mzuri tangu saa kumi za jioni. Kwanza anahangaika na umeme. Petroli ni ghali, imesafiri njia ndefu, nayo haitakiwi kuisha katikati ya ngoma. Jenereta anaiweka mbali, nyuma ya ukuta, upande ambao upepo unachukua moshi na ngurumo na kuvipeleka porini. Anaunga nyaya, anafunika maungo kwa mfuko ikiwa mawingu yamejikusanya. Bafle, yaani spika zake, anazipandisha juu ya meza, kwa maana sauti iliyowekwa chini humezwa na miguu ya watu wa mstari wa mbele. Anazigeuza zisielekee nyumba ya jirani mwenye mgonjwa. Kisha anajaribu wimbo mmoja anaoujua kuliko jina lake, anatembea hadi mwisho wa ua, anasikiliza, anarudi, anapunguza besi. Hakuna mgeni aliyeona lolote kati ya hayo, ila wote wataonja matunda yake.

Baada ya hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mnamo Desemba 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili, ina mwendo wake. Mwanzo ni wa maneno: mwimbaji anabembeleza, gitaa zinatembea taratibu, watu wazima wanashikana viuno. Halafu wimbo unageuka. Gitaa ya solo inashika uongozi, ngoma zinakaza mwendo, atalaku, mhamasishaji wa wachezaji, anapaza sauti, na sebene imeingia. DJ mwenye pupa huruka maneno yote akakimbilia sebene, wimbo baada ya wimbo. Saa moja haipiti, vijana wamelowa jasho, wazee wamechukua viti vyao na kwenda zao, na usiku bado mbichi. DJ mwenye akili anamwona baba wa bibi harusi amesimama na mkewe, miaka mingi ya ndoa mikononi mwao, naye anauacha wimbo useme hadi neno la mwisho. Sebene ikija sasa, imekuja kwa haki yake, na uwanja mzima unainuka nayo.

Kuna saa ya zawadi. Watu wanapanga mstari na kuwaendea maharusi wakicheza, huyu na sufuria kichwani, yule na kitenge, mwingine na bahasha juu juu ili wote waione. Hakuna ajuaye mstari utachukua muda gani. DJ anatakiwa kuchagua mwendo ambao mama mzee aliyebeba mzigo ataumudu, kisha aunge wimbo kwa wimbo bila kushtua mguu wa mtu hadi wa mwisho afike. Na anashika maiki. Anajua nani ni mjomba, nani ni shangazi, nani alitoka Lubumbashi asubuhi, nani amegombana na nani. Akimtaja mdogo kabla ya mkubwa, amevunja heshima ya nyumba. Akijua kwamba nyuma ya barabara ya pili kuna matanga, anapunguza sauti kabla hajatumwa mtu, kwa sababu walio kwenye kilio ni wateja wake wa jana na wa kesho, na zaidi ya hapo ni ndugu zake.

Maarifa ya namna hiyo hayauzwi Kinshasa wala hayashuki kwenye simu. Yanapatikana kwa kuwapigia watu walewale mara nyingi. Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri unaotolewa siku hizi kwamba DJ ajifiche ili athaminiwe. Ushauri huo una mizizi yake. Huko Ulaya na Marekani, tamasha kubwa likimlipa msanii humfunga kwa mkataba asipige tena karibu na hapo kwa wiki au miezi kadhaa, maana anayelipa kiingilio kikubwa hataki kumkuta mtu yuleyule baa ya jirani Ijumaa inayofuata. Vijana wetu wameusikia mtindo huo, na kwa watu wa maji hoja inaingia kwa urahisi: si uvuvi hufungwa kwa muda ili samaki wazaane? Basi na DJ naye aufunge mlango, akiufungua watu watajaa.

Nauheshimu uvuvi unapofungwa, lakini mfano huo haumfai DJ. Samaki akiachwa anaongezeka mwenyewe. Ufundi ukiachwa unapungua. DJ aliyekaa miezi mitatu bila kusimama mbele ya watu anarudi hajui mji umehamia wapi, wimbo gani umekuwa wa watoto, wimbo gani sasa unamkumbusha mtu marehemu na haufai kupigwa mbele ya familia fulani. Tena tamasha la Ulaya linauza tiketi kwa watu wasiojuana. Harusi ya Malemba haiuzi tiketi. DJ akikataa harusi ili jina lake liwe adimu, hakuna aliyenufaika: maharusi wamekosa mkono mzuri, naye amekosa somo.

Waluba wa huku kwetu walikuwa na mafundi walioujua ukweli huu zamani sana kabla ya bafle. Katika chama cha Mbudye kulikuwa na watunza kumbukumbu waliotumia lukasa, kibao cha mbao kinachoenea katika kiganja cha mkono wa kushoto, kimepambwa kwa shanga na kuchongwa alama. Msomaji alikigusa kwa kidole cha mkono wa kulia, shanga baada ya shanga, akisimulia wafalme, safari, nasaba na mahali patakatifu. Maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba yaliyofanyika New York mwaka 1996 yaliviweka vibao hivyo mbele ya dunia, na wataalamu walioandika kuvihusu walisisitiza jambo moja: kibao kilekile hakikusomwa vilevile kila mara. Msomaji aliangalia nani amekaa mbele yake, tukio ni la nani, wakati ni upi, kisha akachagua njia ya kupita juu ya shanga zilezile. Hakuacha kusoma ili kibao kisizoeleke. Kila msomaji bora alikifanya kisizoeleke kwa kukisoma upya.

DJ wetu ana hazina yake ya nyimbo kwenye flash au kompyuta, nayo pia ina mipaka. Nyimbo kubwa ambazo mji mzima unazidai si nyingi. Kinachotofautisha Jumamosi hii na ile ni njia anayopita juu ya nyimbo hizo: wimbo gani unafungua, upi unangoja saa nane za usiku, upi haupigwi kabisa leo kwa sababu waliokuja si watu wa wimbo huo. Anayepiga orodha ileile kila juma atachokwa hata akipiga mara mbili tu kwa mwaka. Anayewasoma watu hachokwi hata akipiga kila Jumamosi ya kiangazi.

Mkoa wetu una ushahidi mwingine. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953 na kuunda kwaya ya wavulana na walimu wao iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Kutoka humo ilizaliwa Missa Luba, misa ya Kilatini iliyovikwa sauti na ngoma za Waluba. Iliimbwa kwa mara ya kwanza Kamina tarehe 23 Machi 1958, kisha mwaka huohuo kwaya ikaenda Ulaya, wakati wa maonyesho ya dunia ya Brussels. Dunia ilishangaa. Mwaka 1968 Sanctus yake ilisikika katika filamu ya Kiingereza If.... Ila kabla ya Brussels kulikuwa na Kamina. Misa hiyo ilikuzwa kwa kuimbwa pamoja, sehemu kubwa ikibuniwa papo hapo bila noti za kuandikwa, na watu waliokuwa wakiimba pamoja siku zote. Huwezi kubuni papo hapo na watu unaokutana nao mara moja kwa mwaka.

Hata historia ya ma-DJ wenyewe inasema hivyohivyo. Frankie Knuckles alipiga katika ukumbi wa Warehouse, Chicago, kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, juma baada ya juma, mji uleule, umati uleule. Wengi husema jina la muziki wa house linatokana na ukumbi huo. Mji haukumchoka: mwaka 2004 sehemu ya barabara iliyokuwa na ukumbi ilipewa jina lake. Karibu na kwetu, wanamuziki wa Orchestra Maquis walitoka Katanga wakaweka makao Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Dar waliyoikuta ilikuwa na desturi ya bendi kuwa na ukumbi wake na siku zake za juma. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijengwa katika desturi hiyohiyo: shabiki alijua siku na mahali, akaja, akarudi, akawa mkosoaji anayejua gitaa imekosea wapi. Msanii anayesikilizwa na wakosoaji wa namna hiyo hana nafasi ya kulala.

Sisemi DJ asipumzike wala asisafiri. Yapo mambo ya kubana, na nitayataja. Abane wimbo unaotikisa mji: upigwe mara moja usiku, saa yake, hata wakiulilia. Abane sauti, kwa maana usiku unaoanza juu kabisa hauna pa kupanda. Abane maiki, asizibe gitaa kwa maneno ya kujisifu. Mvua zikikolea na sherehe zikipungua, apande boti hadi Bukama, ashike treni kwenda Kamina au Lubumbashi, asimame kando ya DJ mwingine asikilize, arudi na nyimbo ambazo mji haujazisikia. Na saa za mwanzo za sherehe, watu wakiwa bado wanakula, amwachie kijana anayemfunza. Hivyo mji utapata mkono wa pili, naye atapata pumzi, na ufundi hautakufa siku mtu mmoja akihama.

Hukumu yangu basi ni hii. Katika mji kama Malemba-Nkulu, kiangazi kikiwa kimejaa harusi, kila Jumamosi si nyingi mno. Masika, hata mara moja kwa mwezi yatosha, kwa kuwa sababu zimepungua. Sababu ndiyo kipimo, kalenda inafuata. DJ anayeogopa kuchokwa asihesabu siku zake, ahesabu ni mara ngapi amerudia yaleyale.

Na ninyi wazazi mnaopanga sherehe, sikilizeni upande wenu. Methali inasema mcheza kwao hutunzwa, nayo inamdai mwenyeji kama inavyomdai mchezaji. Msimwite kijana huyu mtoto wa nyumbani siku ya kulipa na kumwita DJ siku ya kucheza. Lipeni petroli kabla jua halijazama. Mpeni chakula kikiwa cha moto, kama mgeni yeyote. Malipo mliyokubaliana mkabidhini usiku huohuo, bila kumzungusha hadi Jumatatu. Mkimtunza hivyo, hatakuwa na haja ya kujificha ili athaminiwe, na wajukuu wenu wataolewa kwa muziki uliopigwa na mtu anayewajua kwa majina.